Dakika Saba za Daktari wa Bima

Aliyekuwa kwenye video ile ni mimi!

Koti langu la kijani. Kahawa mkononi. Na kumbe kulikuwa na mtu ndani ya gari ng'ambo ya barabara, ananirekodi...

“Mheshimiwa mwamuzi, tazama mkono wa kulia,” alisema Lydecker, wakili wa kampuni ya bima. “Huo ndio mkono mgonjwa? Mbona unabeba kahawa bila shida!”

Wadau, ngojeni niwarudishe nyuma kidogo.

Mimi ni Bernadine, mwalimu wa hesabu hapa Buffalo. Mwezi wa kwanza gari liliteleza kwenye barafu likanigonga nikiwa ndani ya gari langu, nimesimama kwenye taa. Bega la kulia likachanika ndani. Daktari wangu akasema nifanyiwe upasuaji haraka, la sivyo sitaandika ubaoni tena.

Kwetu, jimbo la New York, matibabu hulipwa na bima ya gari lako mwenyewe. Haiulizi nani mwenye kosa. Inauliza jambo moja tu: thibitisha kwamba unaumwa.

Nikaitwa kwa daktari waliyemchagua wao, watu wa bima. Siku yao, saa yao. Usipokwenda, umepoteza haki.

“Theluji ya mwaka huu ni balaa, mwalimu!”

“Balaa kweli, daktari.”

“Inua mkono.”

Nikainua. Ukagoma usawa wa kifua. Machozi yakanilenga.

“Haya, asante. Safari njema.”

Basi?!

Nikaandika kwenye daftari: nimeingia saa nne na dakika nne, nimetoka saa nne na kumi na moja.

Baada ya wiki mbili ripoti ikaja. “Nimempima kwa dakika arobaini. Kwa kipimapembe, mkono wa kulia unainuka nyuzi 170. Upasuaji hauhitajiki.”

Kipimapembe! Kifaa ninachofundishia kila siku, nisikione kikiwekwa begani mwangu mwenyewe?

Malipo yakasimama. Nikawapigia simu watu wa bima.

“Fomu yako imefika, mama, ila ukurasa wa tatu hauna saini.”

“Ukurasa wa tatu ni mtupu!”

“Ndiyo. Hauna saini.”

Miezi saba ya hayo, jamani. Miezi saba!

Nilipomwonyesha wakili wangu, Rosalba, lile daftari, akatikisa kichwa.

“Mwalimu, hilo umeliandika mwenyewe. Watasema umejitungia.”

Ndipo tukafika kwenye chumba cha mwamuzi, na video ile.

“Naomba ianze mwanzo kabisa,” nikasema. Rosalba akanikanyaga mguu. Sikujali.

Mwamuzi, mzee asiyependa maneno mengi, akashusha miwani.

“Wakili, saa iliyo kwenye kona ya video ni sahihi?”

“Sahihi kabisa, mheshimiwa!” Lydecker alijibu kwa fahari. “Mpelelezi wetu alimsubiri mlangoni pa daktari. Amerekodi bila kukata hata sekunde. Na jengo lina mlango huo mmoja tu.”

“Vizuri. Anaingia saa nne na dakika nne. Sogeza mbele...”

Koti la kijani likatokea tena.

“Anatoka saa nne na kumi na moja.”

Mwamuzi akaichukua ripoti ya daktari.

“Zile dakika arobaini ziko wapi, wakili?”

Lydecker akafungua faili. Akalifunga. Akalifungua tena.

Walijua nitakuwa wapi siku ile kwa sababu wao ndio walioniita. Wakatuma mtu aninase, akamnasa daktari wao!

Nilishinda. Nikapasuliwa mwezi wa kumi.

“Ungekuja mapema...” daktari wa upasuaji aliniambia, akaishia hapo. Bega lilikuwa limekwishakakamaa.

Nimeupima mkono mwenyewe, kwa kipimapembe cha darasani: nyuzi 95. Sasa naandika nusu ya chini ya ubao, na wanafunzi wa nyuma husimama ili waone.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mkiitwa kwa daktari wa bima, nendeni na shahidi wenu. Mimi niliokolewa na shahidi wao, na alichelewa miezi saba.