Kinu Kilichoacha Kunguruma

Siku ya gulio, Shelui huwa hakuna pa kuweka mguu. Malori yaliyotoka kuteremka mlima Sekenke yalikuwa yamepangana kando ya barabara kuu, breki zikinuka, madereva wakigombea kivuli na wauza vitunguu. Katikati ya vurugu hiyo Damari alishuka kwenye basi la kutoka Singida, amevaa ovaroli ya bluu, buti za kazi na kilemba cha kitenge cha rangi ya chungwa, kilichofungwa kwa ustadi uliomfanya hata kondakta amwite "dada" kwa heshima. Alikuwa fundi wa umeme wa jua, na alikuja kupima paa la zahanati. Tatizo ni kwamba hakujua zahanati iko wapi.

Akaingia kwenye jengo la karibu, kinu cha kusaga nafaka, akauliza. Hakuna aliyemsikia. Injini ya dizeli ilikuwa ikinguruma kiasi cha kutikisa mabati, na moshi wake mweusi ulikuwa umeganda darini. Nyuma ya kinu alisimama kijana mrefu, mweupe kwa unga kuanzia nywele hadi kope. Kijana akamwonyesha sikio, akatikisa kichwa. Damari akarudia kwa sauti zaidi. Ndipo kijana akainama na kuzima injini.

Wanawake wote waliokuwa kwenye foleni ya ndoo wakageuka. Kuizima injini ile halikuwa jambo dogo, kwa sababu kuiwasha tena kulitaka dakika kumi za kuzungusha kwa mkono na jasho jingi.

"Sema sasa," kijana alisema.

"Nimeuliza zahanati iko wapi."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nakwenda kupima jua."

"Kumbe na jua hupimwa. Na wewe ukishalipima, unampa nani majibu?"

"Chediel," mteja mmoja aliyeitwa Yustina alidakia, ndoo yake ikiwa ya kwanza kwenye foleni, "mwonyeshe dada njia, kisha uwashe mashine. Wanangu hawatakula hayo meno unayoyatoa nje."

Foleni nzima ikacheka. Damari naye akacheka, na alipofika zahanati aligundua kwamba hakukumbuka hata hatua moja ya njia aliyoelekezwa. Chediel alikuwa amemsindikiza hadi mlangoni.

Tangu siku hiyo simu zikaanza. Kwa kuwa kelele za injini zilizidi mlio wowote, Chediel aliweka simu kwenye mfuko wa shati ili aisikie ikitetemeka kifuani, na kila alipoisikia alikimbilia nyuma ya tangi la maji.

"Uko wapi, bibi fundi?"

"Juu ya paa la shule, Mungaa. Na wewe?"

"Nimejificha. Wateja nimewaachia mama."

"Utafukuzwa kazi."

"Akinifukuza nitakuja kukushikia ngazi."

"Wa kunishikia ngazi yupo."

"Yupo nani?"

"Ana miaka hamsini na nane na wajukuu wanne. Pumua, mpenzi."

Hilo "mpenzi" lilimtoka bila kupangwa. Wote wawili walilisikia, na hakuna aliyethubutu kuligusa hadi kesho yake.

Wazo la kubadilisha mashine lilikuwa la Chediel mwenyewe. Mama yake, Rahel, ndiye aliyekuwa mwenye kinu, na alikuwa amekaa na moshi ule miaka kumi na tisa. Damari alipokwenda kumsalimu kwa mara ya kwanza, "Shikamoo, mama" yake ilisubiri jibu kwa muda mrefu, kwa sababu mama alikuwa amekamatwa na kikohozi, kiganja kifuani.

"Marahaba, mwanangu," hatimaye alisema. "Usiogope. Ni dizeli tu."

"Hicho kikohozi ndicho ninachotaka kiishe," Chediel alimwambia Damari jioni ile, wakitembea kuelekea stendi. "Jua lako linaweza kuzungusha kinu?"

Damari alisita kwa miezi miwili. Hakutaka mtu aseme kwamba anachanganya kazi na moyo. Lakini Chediel aling'ang'ania, na mwezi wa nane Damari akaja kupima. Alipima kwa siku sita, kwa utaratibu: saa za jua, kasi ya kinu, uzito wa nafaka kwa saa. Mahindi yalikuwa ya mavuno mapya, makavu, yakilia kama kokoto ndani ya ndoo. Akachagua mota inayolingana na vipimo vile.

Hakuuliza kuhusu maji, kwa maana kwao, Singida mjini, unga ulinunuliwa dukani ukiwa ndani ya mfuko. Chediel naye hakumwambia, kwa maana hakuna mtu wa kinu anayeweza kudhani kuna binadamu asiyejua kwamba mahindi yakishakobolewa huloweshwa kwanza ili unga utoke mweupe, kisha huanikwa. Wakati wa masika hayakauki; huletwa kinuni yakiwa na umajimaji. Injini ya dizeli ilikuwa ikiyapokea hivyo hivyo. Iliguna, ikaongezewa mafuta, ikayapitisha.

Sharti la kampuni aliyofanyia kazi Damari lilikuwa moja: injini ya zamani ikabidhiwe, ikakatwe chuma chakavu. "Ikibaki pale," alisema Michael, mkuu wa Damari, "yakitanda mawingu siku mbili tu, watairudia." Injini ikapakiwa kwenye lori, na Rahel akaitazama ikiondoka kama anayesindikiza mgonjwa.

Siku ya kwanza ya mashine mpya watu hawakuamini kwamba inafanya kazi. Hapakuwa na moshi, na mota ilivuma chini chini tu. Wanawake waligundua kwamba wanaweza kuzungumza ndani ya kinu. Yustina akasema sasa atawajua wasengenyaji wake kwa majina. Rahel akakaa mlangoni asubuhi nzima bila kukohoa, na Chediel, akiwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, akamnong'oneza Damari:

"Baada ya Pasaka wazee wangu watakuja kwenu. Uwaambie wazazi wasisafiri."

"Na wakisafiri?"

"Nitawangoja palepale mlangoni, mke wangu. Nitaota mizizi."

Wiki ile Damari aliandika barua kuomba kituo chake cha kazi kihamishiwe Shelui.

Mvua zilipokolea mwezi wa pili, Damari alipelekwa Mitundu, kwenye kazi ya pampu ya maji, mahali ambapo simu yake haikupata mtandao. Siku ya nne alipanda kwenye kichuguu, simu ikashika, na ujumbe ukaingia mmoja juu ya mwingine. Chediel alikuwa amepiga mara kumi na tisa. Ujumbe wa mwisho ulisema: "Mota imeungua. Umenikimbia?"

Alifika Shelui kesho yake mchana, na tope la safari hadi magotini. Wanawake walikuwa wamejaa kinuni kuchukua mahindi yao yaliyoanza kuchachuka. Chediel hakuwa na unga usoni, na bila unga alionekana mtu mwingine.

"Siku nne, Damari."

"Mtandao haukuwepo. Nimeupata jana, na leo niko hapa. Ngoja niione mota."

Aliifungua, akainusa, kisha akachota kiganja cha mahindi. Yalikuwa na unyevu. Akayatazama kwa muda mrefu.

"Siku zote mnasaga hivi?"

"Tangu nizaliwe."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza. Wewe ndiye fundi." Kisha uchungu wa siku zile ukamlipuka, wa wateja waliokimbilia kinu cha jirani na mama aliyekosa usingizi. "Injini yangu mmeichukua, mmeikata. Nilikuwa na kitu kinachofanya kazi. Sasa niambie, Damari. Ulinipenda, au ulikuwa unatafuta mteja?"

Zamani, injini ingeyameza maneno hayo. Hata yeye aliyeyasema asingeyasikia vizuri. Lakini siku hiyo kinu kilikuwa kimya kabisa, na kila ndoo ilikuwa na mwenyewe amesimama kando yake. Yustina aliinamisha macho.

Damari alifungua nati za mota moja moja, akaifunga kwenye gunia, akaibeba mwenyewe hadi barabarani. Rahel alimfuata akimwita, "Mwanangu, mwanangu," hadi basi lilipoondoka.

Kwa wiki tano Chediel alipiga simu, na Damari hakupokea. Mchana alikaa ofisini akipigania mota kubwa zaidi na paneli za nyongeza. Kwenye ripoti aliandika kwa mkono wake: kosa ni langu, nilipima nafaka kavu. Kisha akaiomba barua yake ya uhamisho wa Shelui, akaipasua vipande vinne, akaandika nyingine ya kwenda Mitundu.

Alirudi na mota mpya mwishoni mwa mwezi wa tatu. Alifanya kazi siku nzima akizungumza na Rahel peke yake. Alipomaliza, alimwita Yustina alete mahindi yenye unyevu kuliko yote aliyokuwa nayo. Mota ilivuma, ikazama sauti kidogo, ikapanda tena, na unga ukaanguka mweupe. Wanawake wakapiga vigelegele.

Chediel akasimama mbele yao, kofia mkononi.

"Nilimsema huyu mbele yenu," alisema. "Kwa hiyo namwomba radhi mbele yenu. Wazo la mashine lilikuwa langu. Alinikatalia miezi miwili. Nilijua hivyo siku ile nilipokuwa nasema, na nikasema." Akamgeukia. "Wazee wangu bado wako tayari, Damari. Naomba uniruhusu niwatume."

Hakuna aliyeigusa ndoo yake. Damari alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine, ili apate muda wa kutolia.

"Nimekusamehe tangu wiki ya kwanza," alisema. "Hilo lisikusumbue."

"Basi niwatume wazee."

"Siwezi kuolewa na wewe."

"Kwa sababu ya neno moja?"

"Ulipopata hasara ya kwanza maishani mwetu, ulinitazama mimi ukaona adui. Haikukuchukua hata dakika moja. Mbele yetu kulikuwa na watoto wa kuugua, mvua za kukosa, mashine za kuungua. Kila mara ningekuwa nakutazama uso, nikingoja unitazame vile. Nakupenda, Chediel. Ndiyo maana nakwambia leo, kabla wazee hawajafika."

Rahel akamshika mkono, hakumwachia hadi stendi.

Ilipita miezi miwili. Siku moja, saa sita mchana, Damari akiwa kivulini Mitundu, kando ya kile kichuguu chenye mtandao, simu ililia. Kidole chake kikapokea kabla hajaamua.

"Samahani, fundi," sauti ya Chediel ilisema. "Nimesahau namna ya kuwasha baada ya umeme kujikata. Naomba unielekeze."

Alikuwa amemfundisha hilo mara tatu. Alijua hajasahau, na Chediel alijua kwamba anajua. Lakini akamwelekeza, taratibu, kama anayemsomea mwanafunzi mgeni.

"Kwanza, toa nafaka yote kinuni. Umetoa?"

"Nimetoa."

"Pili, kagua mkanda kwa mkono."

"Uko sawa."

"Tatu, subiri dakika mbili mota ipoe."

Wakasubiri. Dakika mbili nzima walisikilizana wakipumua. Mahali fulani nyuma ya Chediel, Rahel alikuwa akicheka na mteja, kifua chake kikiwa safi.

"Nne, rudisha swichi kubwa juu. Tano, bonyeza kitufe cha kijani."

Damari akaisikia mota ikianza kuvuma, laini, bila kosa.

"Imewaka," Chediel alisema. Kisha akauliza, "Hatua ya sita ni ipi?"

Damari alifumba macho.

"Hakuna hatua ya sita, Chediel," alisema, akakata simu.