Kahawa Iliyolowa

"Kifaa kimekufa?"

"Hakijafa, dada Notburga. Kimelala." Sauti ya Jastin, fundi wa Idara ya Usalama, ilitoka simuni, kutoka Songea. "Programu yangu inazima redio ili kubana betri. Gunia likitikisika, inaiwasha. Ila nimekosea. Nimezima na kihisio cha mtikisiko."

"Kimebaki nini?"

"Kihisio cha mwanga. Jua likikipiga, kitaamka."

Ndani ya gunia la kahawa hakuna jua.

Notburga aliegemea pikipiki yake ya Boxer stendi ya Mbinga, akilitazama lori la Fuso la Nazari, dereva wa genge, likioshwa. Katikati ya kahawa ile kulikuwa na viwashio vya mabomu vya kuvushwa ziwani. Na kifaa, kidogo kama punje. Edina, mpelelezi mwenzake, alikitumbukiza humo kabla genge halijamshtukia na kumteka.

Magunia yalikokwenda ndiko alikofungwa. Nazari angeona anafuatwa, Edina angeuawa.

Notburga alipaswa kuogopa. Kifua kilikuwa kimekufa ganzi.

Alimwendea mwenye mashine ya kuoshea.

"Shikamoo, mama Beata."

"Marahaba, mwanangu."

"Elekeza maji juu. Turubai limetoboka."

"Kahawa ya watu? Una wazimu!"

"Kuna binti atakufa, mama."

Beata alifanya ishara ya msalaba. Kisha akainua mpira.

Notburga alitangulia Mbamba Bay, ziwani, kabla Fuso halijaondoka.

"Umeilowesha ili iweje?" Jastin aliuliza simuni.

"Nazari ni Mmatengo, kalelewa na kahawa. Hawezi kuacha kahawa iliyolowa guniani."

"Ni jambazi, dada!"

"Ataianika."

Jua la mchana lilikuwa kali simu ilipolia mara moja.

Nukta nyekundu kwenye ramani. Ufuko wa Lundo.

Boti ya askari iliingia injini ikiwa imezimwa. Nazari alikuwa amepiga magoti, akitandaza kahawa mkekani kwa viganja viwili. Bunduki yake ya AK aliiegemeza kwenye ukuta wa banda, mbali na mkono.

"Tulia hapo." Bastola ya Notburga haikutikisika.

Nazari aliitazama kahawa. "Ngojeni niigeuze kwanza."

Edina alikuwa ndani ya banda hilo la kukaushia usipa, dagaa wa ziwani, kamba mikononi, hai. Alipofunguliwa alimkumbatia Notburga, akalia kwa sauti.

Notburga alisimama tu. Hakuhisi kitu.

Jastin alipiga simu. "Dada, uko sawa?"

"Kifaa chako kikiamka, redio inawaka papo hapo?"

"Hapana. Umeme kwanza. Kumbukumbu. Redio mwisho."

"Basi subiri. Nami ndiyo kwanza naamka."

Alikata simu, akavaa miwani yake ya jua, akaondoka akifuata ufuko.