Mwizi wa Vichupa vya Damu

Umewahi kumwona mwizi anayefunga mkanda wa gari kabla hajakimbia?

Basi Profesa alikuwa wa namna hiyo. Alifunga mkanda, akapandisha vioo vyote vya Mercedes nyeusi, akawasha kiyoyozi, akajitazama kwenye kioo kama bwana harusi. Ndipo akaondoka na damu za watu.

Nyuma yake, juu ya pikipiki ya Yamaha, mwanamke mwenye ovaroli la fundi friji akasonya.

Kazini waliitana kwa majina ya bandia. Yeye aliitwa Upupu. Idara ya usalama ilimpachika kwenye kile kituo kipya cha utafiti, akashinda anakwangua barafu kwenye mafriza na kumtazama Profesa, mtafiti mgeni kutoka ng'ambo, akitembea na viatu vyake vinavyong'aa. Kituo kilijengwa ili damu za wananchi zisomwe hapa hapa nyumbani: nani karithi ugonjwa gani, dawa ipi itamfaa, ipi itamdhuru, kabla hajalazwa. Familia zilipanga foleni, bibi na mjukuu, zikanyoosha mikono.

Sasa vichupa vya familia zenye saratani ya matiti vilikuwa kwenye sanduku jeupe, kiti cha nyuma cha Mercedes. Ndege ilikuwa inasubiri. Kampuni ya kwao Profesa ingevisoma, itengeneze kipimo, kisha itulangue damu zetu wenyewe.

Kichupa kimoja kilikuwa cha mama yake Upupu, marehemu. Kimoja cha dada yake, marehemu pia, kwa saratani hiyo hiyo. Cha tatu chake mwenyewe, ambacho hakijasomwa. Kila alipopita mbele ya friza lililovitunza alitaka kusema neno, akalimeza.

Na damu ya marehemu haitolewi mara ya pili.

Redio ilikoroma sikioni, mkuu wake akiita.

"Upupu, Mjomba hapa. Unamwona?"

"Namwona. Anaendesha kama kabeba mayai."

"Usifyatue. Sanduku likitoboka, damu ikayeyuka, tumekwisha."

"Nipoteze risasi kwa huyu?"

"Una Glock kiunoni, nami nakujua."

"Mjomba, sanduku kaliweka kiti cha nyuma. Kalijaza barafu kavu mpaka juu. Na vioo kafunga vyote."



"Vyote?"

"Anaogopa vumbi. Ana suti."

Mjomba akacheka mpaka redio ikakwaruza.

Barafu kavu haigeuki maji. Hugeuka hewa nzito, ambayo huisukuma nje ile tunayovuta. Kila mbeba masanduku wa kituo hushusha vioo hata mvua ikimlowesha. Lakini Profesa maisha yake yote alibebewa. Mkoba alibebewa. Mwavuli alishikiwa. Hata hotuba aliandikiwa. Leo tu, kwa kuwa wizi ulitaka siri, ndiyo mara ya kwanza kubeba sanduku mwenyewe.

Mercedes ikayumba.

Ikapanda ukingo, ikashuka, ikaenda kuegemea nguzo ya taa taratibu, kama mlevi.

Upupu alivunja kioo kwa kitako cha bastola, akafungua milango yote, akamvuta mwizi wake nje kwa tai. Mtu mzima alikuwa anatweta kama mbuzi.

"Mimi... ni mgeni wa waziri."

"Vuta hewa kwanza, mgeni."

"Ninyi hamuwezi kuzitunza damu hizi. Mtaziozesha tu."

"Wewe hata kuzibeba umeshindwa."

Akamtia pingu, akamwacha ameketi kwenye mchanga na suti yake. Kisha akainama juu ya sanduku. Kipimajoto cha kwenye kifuniko kilisoma sabini chini ya sifuri.

Vizima.

Land Cruiser ya idara ikafika, wakampakia Profesa nyuma. Sanduku lilirudi kituoni vioo vikiwa wazi.

Muuguzi wa chumba cha baridi alivihesabu, akavirudisha kimoja kimoja kwa glavu nene.

"Vyote vipo, dada fundi. Kumbe wewe si fundi."

"Friza nimetengeneza kweli."

"Rudi ukapumzike," Mjomba alisema sikioni.

Upupu akachomoa redio, akaitia mfukoni. Alielekea mlangoni bila haraka, ovaroli limejaa vipande vya kioo. Mlangoni akasimama, bila kugeuka.

"Dada, cha kwangu kisomeni. Nataka kujua kama wa tatu ni mimi."