Ngazi Ambazo Simu Haikuzionyesha

Kila Jumamosi Asmahan alimsaidia shangazi yake, Bi Sikuzani, katika hoteli yake ndogo ya Saltley, Uingereza. Alitandika vitanda, akafuta vumbi, kisha akaketi mapokezi na kompyuta. Hapo ndipo palipomnogea. Tovuti ya hoteli aliitengeneza mwenyewe, na sifa alizopewa zilimvimbisha kichwa.

"Umeijaribu kwenye simu za kila aina?" shangazi alimuuliza kabla ya kuifungulia wageni.

"Zote, shangazi," alijibu bila kuinua macho. Kumbe aliitazama kwenye kompyuta na kwenye simu yake mpya tu.

Jumamosi moja teksi ilisimama mlangoni. Akashuka Bi Kamaljit, mzaliwa wa Kisumu, ametoka Leicester kuja kumwona daktari wa mifupa. Goti lilikuwa limefungwa bandeji nene, na magongo yalikuwa kwapani. Chumba alicholipia kilikuwa ghorofa ya tatu. Alizitazama ngazi nyembamba, uso ukamsawijika.

"Lifti iko wapi, binti?"

Lifti haikuwepo. Asmahan akamwambia kwa upole kwamba hilo limeandikwa kwenye tovuti, tena kwa herufi nyekundu. Bi Kamaljit akampa simu yake ndogo ya zamani aangalie mwenyewe.

Asmahan akapigwa na butwaa. Picha ya chumba ilikuwa imejaa kioo kizima, ikayafunika maandishi mekundu. Kilichoonekana ni kitufe cha kulipia tu. Alipandisha ukurasa, akaushusha. Hakuna neno. Yeye ndiye aliyemleta mgonjwa huyu mbele ya ngazi hizi.

Shangazi akaanza kumwomba mgeni radhi, akisema simu za zamani zina vituko vyake.

"Si simu, shangazi," Asmahan alisema. "Sikuijaribu. Nilikudanganya."

Bi Sikuzani alimkodolea macho kama anayemwona mtu mgeni. Kisha akabeba sanduku la Bi Kamaljit hadi chumba chake mwenyewe, kilichokuwa chini karibu na jikoni, akabadilisha mashuka.

Mchana kutwa Asmahan aliazima simu: ya shangazi, ya mpishi Dekow iliyopasuka kioo, na kishikwambi cha jirani. Aliipunguza picha, akaliweka onyo juu ya kitufe, akalikagua kwenye kila kifaa. Mwisho alimrudishia Bi Kamaljit simu yake ndogo.

"Sasa naona," mama yule alicheka. "Weka na picha ya ngazi. Mtu akiziona atakimbia mwenyewe."

Shangazi hakucheka. Alimketisha Asmahan kando yake.

"Kutojaribu ni kosa, tungelirekebisha pamoja," alisema. "Lakini uliposema umejaribu, ulinifanya nisijaribu mimi. Nililiamini neno lako, na mgeni akaliamini langu. Siku nyingine kazi ikiwa haijaisha, niambie haijaisha. Hilo halitaniudhi kamwe."