Mvua Iliyomrudisha Nehemia Lushoto

Jamani, kuna mapenzi yanaanzia kwenye karoti!

Soko la Mgandini siku hiyo lilikuwa linachemka. Imakulata, mwalimu wa chekechea wa Makorora, alikuwa ndani ya gauni la kitenge cha njano, hereni kubwa za duara, jasho puani. Akasimama mbele ya kijana aliyevaa sweta. Sweta! Tanga! Kijana wa watu ndiyo kwanza kashuka na fuso kutoka Lushoto, hajapata hata muda wa kulivua.

"Karibu dada, karoti tamu hizi."

"Karoti sitaki. Nataka hizo kamba ulizofungia."

Kijana, Nehemia jina lake, akazitazama nyuzi za katani kwenye mafungu yake. "Dada, kamba haziuzwi peke yake. Zinaenda na karoti zake."

"Mwenzio natengeneza mvua."

"Unatengeneza nini?"

"Mvua. Mimi na watoto wangu darasani."

"Kumbe mvua za Tanga unatengeneza wewe!" Akaanza kufungua mafungu, moja baada ya jingine, karoti zikatawanyika meza nzima.

Mama Khadija wa meza ya jirani akapiga makofi. "Hee! Mshambaa leo kapatikana!"

Mpaka leo Imakulata anaikumbuka harufu ya darasa lile: gundi, maganda ya machungwa, bluu ya kufulia. Nyuzi za Nehemia walizichovya kwenye bluu, zikawa mvua. Pamba ikawa mawingu. Vipande vya kitenge, jua. Karatasi ya kung'aa ya biskuti, radi. Kila picha ilibandikwa kwenye kipande cha boksi. Asubuhi watoto wanatoka nje, wanatazama juu, wanarudi kuchagua picha ya siku hiyo na kuibana ubaoni kwa kibanio cha nguo. Sheria ya darasa moja tu: ubao hausemi uongo. Kisha Imakulata anaupiga picha, anaweka status wazazi waone.

Mtu wa kwanza kuiona kila siku? Nehemia, aliyeomba namba siku ile ile ya karoti.

"Ticha, leo kwenu mawingu. Umekasirika?"

"Nimekasirika hujanipigia, mpenzi."

"Basi nakuja na kabichi, kipenzi."

"Mwanaume gani wewe, wenzio wanakuja na maua!"

"Ua utalila na ugali?"

Alikuwa na utani kila saa, lakini jambo lenyewe lilimshinda kulitamka. Jioni moja, kwenye mishikaki Barabara ya Ishirini, akainamisha kichwa.

"Ima, nataka nije kwa wazee. Ila ukinikatalia kwa mdomo, nitaanguka hapa hapa. Nijibu kwa ubao wako. Kesho nikikuta jua, nakuja. Nikikuta mvua, napandisha zangu kwetu, sikusumbui."

Imakulata alicheka hadi mishikaki ikapoa. Akakubali.

Asubuhi akawahi shuleni, akalibana jua mwenyewe, kubwa, la njano. Hajageuka, paaaa! Mvua ya vuli hiyo, mabati yanalia, uwanja umejaa maji. Watoto wakaingia mbio, wameloa.

"Ticha, uongo! Ticha, ubao unadanganya!"

Angefanyaje? Sheria kaiweka mwenyewe. Wakalishusha jua, wakaibana mvua. Akiwa kachuchumaa anafuta matope miguuni mwao, mwalimu mwenzake, Samiha, akaichukua simu ya Imakulata amsaidie, akaupiga ubao picha, akatupia status.

Imakulata alipoishika simu, Nehemia alishaiona picha. Imakulata akampigia. Haipatikani. Kesho yake, haipatikani. Akatuma sauti, akatuma meseji, tiki moja moja tu. Usishangae macho yakimvimba, Nehemia kaondoka akiamini kakataliwa.

Jumamosi akaenda Mgandini. Meza tupu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ndiyo umekuja sasa?" Mama Khadija akamkazia macho. "Kijana wa watu kaacha biashara, karudi kwao. Kisa nini? Eti mwalimu kamkataa kwa mvua. Nimezeeka, sijapata kusikia!"

"Mama, mimi sijamkataa!"

"Hujamkataa?" Tayari mama keshatoa simu yake ya tochi. "Ana laini nyingine, ya nyumbani kwao. Haloo, Nehemia! Kuna mteja wako hapa." Akamsukumia Imakulata simu.

"Nehemia! Ile ilikuwa mvua ya kweli!"

"...Ima?"

"Ilinyesha! Makorora yote iliLOWA! Hukuchungulia hata dirishani?"

"Nilikuwa nimekaa ndani ya fuso tangu alfajiri, nimefumba macho, redio juu kabisa. Naogopa. Kwa hiyo jibu lako lilikuwa jua..."

"Mimi sisemi kitu. Uliza kwa mdomo."

"Ima, jamani..."

"Kwa mdomo, Nehemia!"

Wauza nyanya wameacha kupanga nyanya. Mama Khadija kaweka mkono kifuani.

"Imakulata," sauti ikatoka huko mlimani, "utakubali niwe mume wako?"

"Ndiyo."

Soko lilipiga vigelegele, we acha tu!

Siku hizi Imakulata anaishi Lushoto, soksi pea mbili, ukungu mpaka mlangoni. Ana furaha, hilo usimuulize. Ila kila asubuhi anampigia Samiha, anamwambia aiweke simu dirishani mwa darasa. Hasemi kitu. Anasikiliza tu watoto wakigombania vibanio, wengi wao hata hawamjui.

"Unaongea na nani, mke wangu?" Nehemia anauliza kutoka shambani.

"Na Makorora."

Nehemia anaweka jembe chini, anakuja kukaa naye kizingitini, wanasikiliza wote.