Siri ya Fundi Cherehani

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Sindano alichota maji, akashusha majora ya vitambaa kutoka rafuni na kuyapanga karibu na cherehani ya baba yake. Jina hilo alipewa na wenzake kwa wembamba wake, na kwa kuwa baba yake alikuwa fundi cherehani, likamganda. Akimaliza kazi alikimbilia darasani, amechelewa kama kawaida.

Wenzake walidhani anaringa. Walipomwita kuruka kamba alisema hana nafasi, na walipomuuliza kwa nini, alinyamaza. Mwishowe wakaacha kumwita. Angewaambia nini? Baba yake alikuwa na ngiri, uvimbe kinenani uliotokeza kila alipoinua kitu kizito na kurudi ndani alipolala chali. Aliuonea aibu, akaubana kwa mkanda aliojishonea mwenyewe, akamwapisha binti yake asimwambie mtu. Mama alikuwa amekwisha fariki. Hata mezani, akila na baba yake, Sindano alijiona mpweke.

Jumamosi moja alimkuta fundi amejikunja sakafuni, anatapika. Uvimbe ulikuwa mgumu na haukurudi.

"Nimwite nesi jirani, Baba?"

"Thubutu uone. Itapoa hii."

"Haijawahi kukaa hivi."

"Uliniapia, mama."

Sindano alisita mlangoni. Alimwogopa baba yake, lakini aliogopa zaidi kubaki peke yake duniani. Akatoka mbio.

Nesi alikuja amevaa kandambili zisizofanana, akautazama uvimbe mara moja tu, akaita gari. Fundi alipasuliwa siku ileile. Sindano alikaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji, watu wakipita bila kumwona, akijiuliza kama baba atamsamehe.

Kesho yake daktari alikuja kitandani. "Utumbo ulikuwa umepenya kwenye tundu la misuli ya tumbo ukabanwa, tukauwahi ungali mzima," alisema. "Zamani tulivuta kingo za tundu zikutane, tukashona. Mishono ikikazwa hivyo, mingine huachia. Siku hizi tunatandika wavu mwembamba juu ya tundu, na nyama inaota ikipenya ndani yake."

"Kumbe mmenitia kiraka," fundi akasema kwa sauti ya chini.

"Kiraka hasa. Ila usiguse majora mpaka nikuruhusu."

Daktari alipoondoka, mgonjwa wa kitanda cha pili akauliza, "Fundi, kwani unaumwa nini?"

Sindano akainamisha kichwa, akitafuta uongo wa kumsaidia baba yake.

"Ngiri," fundi akajibu, wodi nzima ikasikia. "Nimeificha mwaka mzima. Ningekufa nayo, kama si huyu binti yangu."

Kisha akamgeukia. "Ulivunja kiapo, na ulifanya vyema. Ugonjwa si wa kuonea aibu, ni wa kumwambia anayeweza kuutibu. Na mkubwa akikutwika siri inayokuelemea, mwambie mkubwa mwingine. Hata kama aliyekutwika ni mimi."

Hapo Sindano akalia mbele ya watu wote, na baba yake akampa mkono aushike.