Wimbo Usiotoka Mdomoni

Wenzake walimwita Mwalimu Kinanda. Hakuingia darasani bila kinanda chake kwapani. Akibonyeza, wanafunzi waliimba. Akiacha, sauti zao zilipotea moja moja, na darasa likawa kimya kama nyumba iliyohamwa. Kimya hicho kilimtisha.

Mwaka huo alijiunga na masomo ya uzamili ya walimu wa muziki. Alichelewa kufika, wanafunzi wenzake walikuwa wameshayazoea mazoezi. Mkufunzi, mama mfupi mwenye sauti ya chini, alimpokea mlangoni.

"Karibu, mwalimu. Kinanda kiache nje."

Waliimba wakifuata mikono ya mkufunzi. Ghafla akafumba ngumi. Wote wakanyamaza, macho hayapepesi. Akafungua kiganja. Wote wakaingia pamoja, mahali pamoja, noti ileile. Yeye peke yake alipotea. Nywele zilimsimama.

"Nani kawaonyesha pa kuingilia?" aliuliza.

"Hakuna. Hawakuacha kuimba, waliimba kichwani. Wewe ulisikia nini?"

"Sikusikia kitu. Patupu."

"Basi na wanafunzi wako ni hivyohivyo. Umefundisha vidole vyako, masikio yao hujayagusa. Mwisho wa muhula nitakuja kuwaona, bila kinanda. Wakishindwa, utarudia mwaka."

"Nianzie wapi, mama?"

"Anza na noti mbili, so na mi, zile watoto wanazoitana nazo uwanjani. Waimbe kwanza. Mkono uwaonyeshe ipi iko juu, ipi iko chini. Wakishazijua kwa masikio, ndipo waziandike. Halafu wafundishe kuuficha wimbo kichwani."

Alifanya hivyo kila siku darasani kwake. Nyumbani alifanya mazoezi akiutazama ukuta, mdomo umefumbwa, mkono ukipanda na kushuka. Mumewe, fundi cherehani, alisimamisha mashine.

"Mke wangu, unampungia nani?"

"Naimba."

"Makubwa! Mbona sisikii?"

"Hata mimi sisikii," alisema, machozi yakimlenga. Mumewe aliacha utani.

Mwisho wa muhula mkufunzi alikaa nyuma ya darasa. Wanafunzi walisoma noti ubaoni, wakaziimba bila chombo chochote. Katikati ya wimbo mwalimu akafumba ngumi.

Mkuu wa shule alikuwa akipita nje. Alidhani darasa halina mtu, akafungua mlango. Watoto walikuwa wamejaa tele, wamekodolea macho ngumi moja. Hakuna aliyejikuna wala kukohoa.

"Jamani, wamepatwa na nini hawa?" alinong'ona.

Hakuna aliyegeuka. Kiganja kikafunguka. Sauti zote zikaingia kwa mpigo, juu ya noti ileile, wakaimba hadi mwisho. Mkuu alishika mlango kwa mikono miwili.

"Umefaulu," mkufunzi alisema.

Darasani wimbo ulikuwa umekwisha, lakini kichwani mwa mwalimu watoto walikuwa bado wanaimba, kila noti mahali pake. Aliogopa, akafurahi, akasimama pale pale akiwasikiliza.